Waya wa spika ukiwa mrefu unaua muziki? Pima, chagua, funga mwenyewe

Maswali ni yaleyale matatu kila siku. Mtu kahamia nyumba mpya, sebule imekuwa kubwa, spika moja inatakiwa ikae kule dirishani, anapiga simu: kaka, waya wa mita kumi si utaua muziki? Mwingine keshanunua waya, anauliza kama wa kulia na wa kushoto lazima zilingane. Wa tatu ana waya umebaki nyuma ya kabati la tivii umejisokota kama kiota cha kunguru, anahisi unamla sauti. Nimechoka kurudia kwenye voisi noti kwaiyo naandika yote hapa.

Jibu fupi kwanza. Urefu peke yake hauna kesi. Kesi inakuja urefu ukikutana na waya mwembamba, na inakuwa mbaya zaidi spika yako ikiwa ya omu ndogo (omu ni kipimo cha ukinzani, yani jinsi kitu kinavyouzuia umeme). Sebule nyingi za kwetu kutoka amplifaya mpaka spika ya mbali ni mita 4 mpaka 8 hivi, na hapo waya wa kopa (shaba) wa unene wa milimita za mraba 1.5 unamaliza kazi bila kelele. Mara nyingi ukisikia muziki umekufa, urefu unasingiziwa tu, mwenye makosa ni maungio yaliyolegea au mtu kageuza chanya na hasi upande mmoja.

Andaa hivi kwanza

- Futi ya kupimia, au kamba tu ya katani
- Waya (usinunue kabla hujafika hatua ya 3, tafadhali)
- Kisu chenye makali au praizi ya kumenyea waya
- Bisibisi
- Tepu ya umeme, ile nyeusi
- Betri moja ndogo ya rimoti, volti 1.5
- Mita ya fundi umeme kama unayo, ukikosa sio mwisho wa dunia
- Kalamu, na simu ya kupiga picha nyuma ya amplifaya kabla hujagusa kitu

Hiyo picha usiidharau. Watu wanang'oa waya nane za homu thieta kwa mbwembwe halafu jioni wananitumia picha ya matundu matupu wananiuliza hii ilikuwa wapi.

Hatua ya 1: Soma omu nyuma ya spika

Geuza spika, kuna stika au maandishi: 8, 6, 4, wakati mwingine 3. Ina alama kama kiatu cha farasi kimegeuzwa, hiyo ndo omu. Spika za mbao za zamani nyingi ni 8 au 6. Vispika vidogo vya homu thieta za kununua seti nzima vingi utakuta 3 au 4, na hapo ndo watu wanaumia, kwa sababu omu ikiwa ndogo umeme mwingi zaidi unapita kwenye waya na waya mwembamba unaanza kula nguvu. Andika namba hiyo pembeni.

Hatua ya 2: Pima njia ya waya, usipime kwa macho

Waya haupiti hewani kama kunguru, unafuata ukuta. Chukua kamba, anzia nyuma ya amplifaya, shuka nayo mpaka chini, fuata ukuta kona kwa kona mpaka itokee nyuma ya spika. Sasa angalizo la mlango: ukitaka waya upande juu ya fremu ya mlango uvuke ushuke upande wa pili, mlango mmoja unakula karibu mita 5, yani mita 2 kupanda, sentimita 90 kuvuka, mita 2 kushuka. Mtu anaangalia spika iko mita 4 tu kutoka alipo, ananunua mita 5, akifika mlangoni waya umeisha, anaunga kipande na solotepu ya kufungia zawadi. Nimeliona hili, tena kwa shemeji yangu mwenyewe.

Ongeza mita moja kila upande, nusu ya kuvuta spika mbele ukitaka kufagia, nusu ya kukatia ncha huko mbele ya safari.

Hatua ya 3: Chagua unene

Hapa ndo moyo wa jambo lote. Kanuni inayotumika ni kwamba ukinzani wa waya, kwenda na kurudi, usizidi asilimia 5 ya omu za spika. Ukibaki ndani ya hapo unapoteza chini ya nusu desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) na hutajua kama umepoteza. Hesabu nimeshakufanyia, ni za kopa halisi, na mita hizi ni za njia uliyopima kwa kamba, usizidishe mara mbili, kurudi kumeshahesabiwa:

Spika ya omu 8
- waya wa 0.5: mwisho mita 5 na nusu
- waya wa 0.75: mwisho mita 8 na nusu
- waya wa 1.5: mwisho mita 17
- waya wa 2.5: mwisho mita 28

Spika ya omu 4: gawa kila namba hapo juu kwa mbili. Kwaiyo 0.5 inaishia chini ya mita 3, na 1.5 inafika mita 8 na nusu. Ya omu 6 iko katikati, chukua robo tatu ya namba za omu 8.

Hizo 0.5 na 1.5 ni milimita za mraba, zilezile anazokutajia fundi umeme anapokwambia taa tunaweka waya wa 1.5, soketi 2.5. Rola za spika zinazotoka nje nyingi zimeandikwa AWG, kipimo cha unene cha Kimarekani, na huko namba inavyopanda ndo waya unavyokonda, usije ukadhani 18 ni mnene kuliko 14. Kwa makadirio, 18 ni kama 0.8, 16 ni kama 1.3, 14 ni kama 2, na 12 ni kama 3.3.

Ngoja nikuonyeshe tofauti ilivyo kwa mfano mmoja. Kuna jamaa alikuwa na vispika vya omu 4, vya nyuma ya sofa, akarefusha zile waya nyembamba zilizokuja na seti mpaka mita 10. Zile waya tukizihesabu ni 0.5, mita 10 kwenda na kurudi inatoa karibu omu 0.69. Maana yake katika kila wati 100 zinazotoka kwenye amplifaya, 15 hivi zinaishia kwenye waya, spika hazizioni kabisa. Tukabadilisha tukaweka 2.5 kwa umbali uleule, zikawa kama 3 tu. Urefu hatukuupunguza hata sentimita.

Mimi ushauri wangu kama hutaki hesabu: nunua 1.5 kwa sebule ya kawaida, 2.5 kama njia inazidi mita 8 na spika ni za omu 4. Zaidi ya hapo unapamba tu. Zile waya za bei ya kutisha zenye ganda la kusukwa kama nywele za bibi harusi, kwa mita 5 sikio lako halitazitofautisha na waya mnene wa kawaida uliofungwa vizuri, hela hiyo ongezea kwenye spika.

Hatua ya 4: Kununua bila kuuziwa aluminiamu

Sokoni kuna waya unaonekana kopa kumbe ni aluminiamu imepakwa kopa juu. Haukatazwi, unafanya kazi, ila ukinzani wake ni kama mara moja na nusu ya kopa, kwaiyo waya wa 1.5 wa hivyo uhesabu kama wa 0.9 au 1 hivi. Tena unakatika kirahisi ukiukunjakunja, na ncha zake zikikaa wazi zinaharibika mapema.

Dukani fanya hivi: omba ukatiwe kipande kidogo, menya, chukua uzi mmoja uukwangue kwa kisu. Ukitokea mweupe ndani ya wekundu, hiyo ni aluminiamu. Ukiwa mweupe juu lakini ukiukata ndani ni mwekundu, hiyo ni kopa iliyopakwa bati, nzuri tu, usiikimbie. Njia nyingine ni kupima uzito kwa mkono, rola ya aluminiamu ni nyepesi mpaka unashangaa. Wale wanaonunua vyuma chakavu hawadanganyiki hapo hata siku moja, wanabeba tu mkononi wanakwambia hii sio kopa.

Mimi mwenyewe nimewahi kuingizwa mjini, naambiwa orijino, imeandikwa 2.5 kwenye ganda, nafika nyumbani namenya, ganda ni nene kama gome la mbuyu na nyuzi ndani zinahesabika. Ganda halipitishi muziki jamani, angalia kopa iliyomo.

Ukikosa waya wa spika, ule wa kufanyia wayaringi ya nyumba unafaa kabisa, nyuzi mbili za 1.5 au 2.5. Ila usizipitishe moja huku nyingine kule, zisokote pamoja. Funga ncha za upande mmoja kwenye kitasa cha mlango, za upande mwingine ziingize kwenye drili, vuta kidogo, zungusha taratibu, dakika mbili una waya wa kamba uliosukwa safi. Kusokota kunakula urefu, ongeza kama mita moja kwenye kila kumi. Uchague wenye nyuzi nyingi ndani, ule wa uzi mmoja mgumu unapitisha umeme vizuri ila ukiuhamisha mara mbili tatu unavunjika pale unapoingia kwenye spika.

Hatua ya 5: Kukata. Lazima kulia na kushoto zilingane?

Hapana. Najua umeambiwa lazima. Chukua spika moja mita 3 nyingine mita 8, waya wa 1.5, spika za omu 8: tofauti ya sauti ni kama desibeli 0.1, hakuna sikio linaloshika hiyo. Na kuhusu sauti kuchelewa, umeme kwenye waya unakimbia kama kilomita laki mbili kwa sekunde, kwenye mita 5 za ziada sauti hewani inakuwa haijasogea hata unene wa unywele. We ukiegemea sofa tu umeshabadilisha umbali wa spika kuliko waya wako utakavyowahi kubadilisha.

Zilinganishe pale tu ambapo waya ni mwembamba na umefika mwisho wa zile mita za hatua ya 3. Au kama una mpango wa kubadilisha sebule mwaka huu, basi mrefu mrefu utakusaidia.

Hatua ya 6: Menya na usokote ncha

Menya sentimita 1 mpaka 1 na nusu, sio zaidi. Zungusha kisu taratibu kwenye ganda, usikate nyuzi. Halafu sokota nyuzi kwa vidole ziwe kitu kimoja, hakikisha hakuna hata uzi mmoja uliochomoza. Uzi mmoja ukigusana na wa jirani ni shoti, na shoti inaweza kuondoka na amplifaya nzima.

Waya mnene usipoingia kwenye vile vibano vya kubonyeza, watu wanapunguza nyuzi kwa kisu, nusu zinabaki nje zinaning'inia. Usifanye hivyo. Unga kipande cha sentimita 10 cha waya mwembamba kwa risasi ya kuchomelea, ufunike na tepu, au nunua vile vichwa vya pini. Sentimita 10 za waya mwembamba hazina madhara, ni mita 10 ndo zina madhara.

Hatua ya 7: Funga, umeme ukiwa umezimwa

Chomoa amplifaya kwenye soketi ya ukutani kabisa, kubonyeza rimoti haitoshi. Halafu:

1. Chagua uzi mmoja uwe chanya. Waya wa spika una alama kila mara: upande mmoja mwekundu, au una mstari, au una maandishi, au kwenye ule wa ganda linaloonyesha ndani mmoja ni mweupe na mwingine mwekundu. Ukichagua wenye alama uwe chanya, uwe chanya nyumba nzima.
2. Nyekundu ya amplifaya iende nyekundu ya spika, nyeusi kwa nyeusi. Pande zote mbili.
3. Kama ni nati za kuzungusha, kaza kwa vidole, usitumie praizi, zile plastiki zinapasuka.
4. Vuta waya kidogo. Ukitoka, haukuwa umeingia.

Sasa onyo ambalo silitanii: usifunge waya wa spika kwenye plagi ya umeme ya pini tatu au soketi ya ukutani ili iwe rahisi kuchomeka na kuchomoa. Kuna watu wanafanya, wanaona ujanja. Siku mtoto au mgeni akichomeka ile plagi kwenye soketi ya umeme kweli, spika inaungua na mtu anaweza kufa. Na usipitishe waya wa spika kwenye bomba moja na waya wa umeme wa nyumba.

Hatua ya 8: Washa taratibu

Sauti iwe chini kabisa kwanza. Weka wimbo wenye besi unaoujua. Uimbaji usikike katikati, kama mtu kasimama kati ya spika mbili. Ukisikia uimbaji umetawanyika huku na huku na besi imekonda, upande mmoja umegeuza chanya na hasi, rudi hatua ya 7.

Kama waya umepita darini na alama hazionekani, ndo kazi ya ile betri. Chomoa waya kwenye amplifaya kwanza, lazima, halafu gusisha betri kwenye ncha mbili kwa sekunde moja huku mwenzio anaangalia sabufa au spika kubwa. Chanya ya betri ikiwa kwenye chanya ya spika, ile karatasi ya mbele ya spika inayotikisika inaruka mbele. Ikirudi nyuma, umegeuza. Betri ndogo ya 1.5 tu, usije na ya gari.

Hatua ya 9: Waya uliobaki

Ukijikunja nyuma ya kabati hauharibu sauti. Nyuzi mbili zinaenda pamoja, umeme wa kwenda na wa kurudi unafutana, hakuna maajabu. Ukunje kwa kwenda na kurudi kama kamba ya kuanikia, funga na tepu, ficha. Usiukanyagishe mguu wa sofa wala usiupitishe chini ya mlango unaofunguliwa kila saa, ganda linasagika taratibu mpaka siku moja shoti. Na kama nyumba ina panya, pandisha juu.

Bado kuna tatizo?

*Upande mmoja uko chini au kimya.* Zima, halafu nyuma ya amplifaya badilisha waya wa kulia uende kushoto na wa kushoto kulia. Washa. Kama spika ileile bado ni kimya, ugonjwa uko kwenye waya wake au spika yenyewe. Kama ukimya umehamia spika ya pili, ugonjwa uko kwenye amplifaya au pini zinazoleta muziki, waya wako hauna hatia.

*Amplifaya inajizima au inaandika protekti (yani imejifunga kujilinda).* Shoti. Zima, chomoa waya zote za spika, washa. Ikikaa vizuri bila waya, rudisha moja moja, kila mara zima kwanza, ile itakayoizima ndo yenye uzi uliochomoza au ganda lililosagika. Ikijizima hata bila waya, mpelekee fundi.

*Inakoroma na kukatika ukigusa waya.* Ncha imelegea au uzi umekatikia ndani karibu na ncha. Kata sentimita 3, menya upya. Kwa waliopo Dar, Tanga, Mombasa, Unguja na pwani yote, hewa ya chumvi inageuza kopa kuwa nyeusi halafu kijani, hilo tarajia. Mimi nakata ncha mpya kila mwaka, ndo maana nilikwambia acha akiba.

*Mvumo kama nyuki hata muziki ukiwa umezimwa.* Sio waya wa spika. Tafuta kwenye pini za kuingiza muziki, chaja ya simu, king'amuzi. Chomoa kimoja kimoja mpaka utulie.

*Sauti imepoa tu, huna uhakika.* Pima kwa mita. Chomoa waya pande zote, gusisha ncha mbili za upande wa spika pamoja, pima omu upande wa amplifaya. Kwanza gusisha miguu ya mita yenyewe uone inasoma ngapi, za bei rahisi zinasoma 0.2 mpaka 0.5 zenyewe tu, toa hiyo. Mita 10 za kopa ya 1.5 itoe kama 0.23. Ukipata 0.35 ni aluminiamu au unene umedanganywa. Ukipata omu 2 kuna ungio bovu njiani, fuata waya kwa vidole mpaka ulipate, mara nyingi liko nyuma ya kabati pale alipounga yule aliyekaa nyumba hiyo kabla yako.